Bwana Ukungu na Mlima wa Baba

Kaka yangu wa pili aliupiga picha mlima wa kwetu, akausafisha, akaukuza, akautia kwenye fremu ya kioo, na kwa sababu ya mlima huo nusura baba yetu atolewe kwenye chumba chake mwenyewe. Naisimulia mimi kwa sababu mtaani wanaichanganya, na yeye mwenyewe akianza kuisimulia hutumia nusu saa kueleza habari za mwanga wa asubuhi kabla hajafika kwa baba.

Watu wanamwita Bwana Ukungu. Jina hilo alibandikwa na muuza duka wa pembeni siku alipompelekea bahasha ya picha ili azisifie. Mti kwenye ukungu, bonde kwenye ukungu, jiwe kwenye ukungu, na moja iliyokuwa ukungu mtupu.

"Na hii?" muuza duka akauliza.

"Hilo ni ziwa."

Muuza duka akaisogeza karibu na macho, akaiweka mbali, akasema, "Lenyewe lilikuwa limekwenda wapi siku hiyo?"

Watu waliokuwa wakinunua sukari walicheka mpaka wakasahau chenji. Kaka hakukasirika. Alipofika nyumbani alituambia kwamba mwenye duka ameguswa na kazi yake. Ndivyo alivyo. Ukimtukana taratibu, anadhani unamsifu.

Alianza maisha vizuri tu, kama watu wengine, kwa kupiga picha za pasipoti kwenye studio karibu na stendi. Kazi safi ya kivulini, feni juu, stuli moja, pazia la bluu. Lakini kaka alikuwa na dharau na sura za watu. "Sura zote ni moja," alikuwa akisema, "pua katikati, masikio pembeni." Mteja akikaa, kaka anashusha pumzi kama mtu aliyeombwa kubeba gunia. Bibi mmoja alimwambia, "Mwanangu, kama sura yangu inakukera, wewe fumba macho, mashine itapiga yenyewe." Siku mwenye studio alipoamua kuachana na mikanda ya picha na kununua kamera za kisasa, akawa anatupa vitu vya zamani, kaka alivibeba vyote: kamera kuukuu ya kuning'iniza kifuani yenye macho mawili mbele, mashine ya kukuzia picha, maboksi ya karatasi, machupa ya dawa. Akaiacha na kazi hapo hapo. Alisema sanaa imemwita. Nikamwambia sanaa ikikuita, iulize kwanza kama imepika.

Tunaishi nyumba ya baba. Sebule, vyumba vitatu, kila mtu na chake: baba, kaka, na mimi, kitinda mimba, ambaye cherehani yangu iko barazani na ndiyo inayoleta unga. Kaka mkubwa ana mji wake, ni msimamizi wa ghala la saruji, anakuja Jumapili. Bafu ni moja na choo kimo humo humo. Sasa nadhani umeshaelewa chumba cha giza cha kusafishia picha kiliwekwa wapi.

Dirisha la bafu lilizibwa na blanketi langu zuri. Taa ikawa nyekundu. Mashine ya kukuzia ilikaa juu ya ubao, na ubao juu ya choo. Sakafuni mabeseni matatu, mawili kati yake ya kufulia: la kwanza la dawa ya kuitokeza picha, la pili la maji makali yanayonuka siki, la tatu la dawa ya kuifanya isifutike. Picha zikitoka humo zinaoshwa kwa maji yanayotiririka muda wa kuivisha maharagwe, halafu zinabanwa kwa vibanio kwenye kamba ya nguo, bonde la ukungu limening'inia katikati ya fulana za baba na sketi zangu.

Ukibisha hodi unasikia kilio: "Usifungue! Karatasi iko nje!"

"Kaka, nataka kuoga."

"Ukiingiza mwanga hata chembe, nimekwisha!"

Kwa hiyo tulioga kwa ratiba ya milima. Mimi nilikuwa nakimbilia kwa jirani, naye jirani alishaanza kuniangalia kwa jicho la pembeni. Baba hawezi kukimbia. Mtu mzima, kibofu kimechoka, miguu mizito, akihisi haja haina subira. Alisimama mlangoni akabisha kwa adabu, kwenye nyumba aliyoijenga kwa jasho lake, akajibiwa "dakika kumi, baba," na dakika kumi za msanii ni mchana mzima. Mwisho nilimnunulia ndoo yenye kifuniko akaiweka chumbani kwake. Aliniambia asante mara mbili. Nilikasirika hata nikashona mkono wa gauni la mteja nje ndani.

Sitakuwa mnyimi, ya haki nitayasema. Kaka kazi yake anaifanya kwa subira ambayo sijamwona nayo penginepo. Aliwahi kuniruhusu niingie nimtikisie beseni. Karatasi nyeupe ilizama kwenye dawa, ikakaa hivi hivi, kisha kijivu kikaanza kujitokeza, mstari wa kilima, halafu miti, na mimi mwenyewe nilisahau kwamba nilikuwa nimekasirika. Kabla ya hapo alikuwa amesimama chini ya mashine akiupitisha mkono kwenye mwanga, anakinga hapa, anaachia pale, ili wingu liive na bonde lisiungue. Alirudia picha hiyo hiyo siku nzima kwa sababu ya kona moja ya anga. Mtu wa namna hiyo, ungedhani ana macho.

Lakini watu hakuwataka kwenye picha zake. Mtu, alisema, anachafua mandhari. Akimwona mchungaji anapita bondeni, anasubiri apotee ndipo apige.

Basi, chumba cha baba. Kimepakana na bafu, bomba la maji linapita ukutani kwake, na dirisha lake ni dogo. Baba alikichagua wakati ule marehemu mama akiumwa, ili maji yawe karibu. Siku moja baba ameketi nje anaota jua, nikamkuta kaka amesimama katikati ya chumba kile akipima dirisha kwa viganja.

"Unafanya nini?"

"Natazama tu. Chumba hiki kina giza zuri."

Toka siku hiyo kaka akaanza kuwa na wasiwasi na akili ya baba.

Chanzo chake kilikuwa daktari, maskini, asiyejua amempa nani silaha. Nilimpeleka baba kliniki kupima presha, kaka akafuatana nasi, na daktari akasema, kama wanavyosema wote, "Kwa umri huu mwangalieni tu. Akianza kusahau watu au mahali anapopajua, mniambie." Basi. Kwa neno hilo kaka akafungua ofisi ya upelelezi. Jioni alimpigia kaka mkubwa simu.

"Baba anajisaidia kwenye ndoo," nilimsikia akisema, kwa sauti ya msiba. Anayeyasema haya ndiye aliyekalia choo!

Kesho yake: "Anamwita dada 'mama'. Nimemsikia mwenyewe. Amemchanganya na marehemu bibi."

Jamani. Ni baba gani asiyemwita binti yake mama? Kaka mkubwa mwenyewe ana binti, anamwita mama tangu yuko kwenye nepi, na hakuna aliyempeleka kupimwa. Lakini maneno yakisemwa na mtu mwenye huzuni usoni, hupata uzito. Kaka mkubwa si mtu mbaya. Ni mtu wa ghala tu, anapenda kila kitu kiwe na mahali pake na mlango ufungwe. Akaanza kuulizia nyumba ya wazee iliyoko ng'ambo ya mji, yenye bustani na muuguzi. Hata hivyo alimwambia kaka, "Ndoo si wazimu. Anatujua? Anajua kwao? Kama anajua, mwacheni akae chumbani kwake."

Wakati huo huo kaka alikuwa na jambo lake. Mama mmoja mwenye ukumbi wa sanaa, anayevaa miwani miwili, mmoja usoni na mwingine kichwani, alikuwa amekubali kumfanyia maonyesho, na akamwomba picha moja kubwa "yenye asili". Kaka akaamua kwenda kuupiga mlima wa kwetu. Baba alizaliwa chini ya mlima ule, akachunga mbuzi juu yake, akamwoa mama mbele yake. Sisi watoto hatuukumbuki: kaka mkubwa alipelekwa kwa shangazi akiwa mdogo, kaka wa pili alihama hajui kufunga vifungo, mimi nilihama mgongoni. Nyumba ya zamani imeshaanguka, ndugu wametawanyika, na miguu ya baba haiwezi tena safari ile. Kwa hiyo kaka alipopanda basi na kamera yake kifuani, baba alimsindikiza mpaka barazani akamwambia, "Usalimie." Alimaanisha mlima.

Kaka alirudi na ukungu wake kama kawaida. Akajifungia bafuni, akachapa, akatupa, akachapa tena, mpaka akaupata mlima mmoja mpana kama meza. Kabla ya kuupeleka ukumbini alitaka baba auone. Hilo nalo nitalisema: alitaka kwa moyo kabisa, hakuwa na hila. Aliutundika sebuleni ukutani, kaka mkubwa akaitwa, baba akaambiwa afumbe macho, akaongozwa.

"Haya baba. Fumbua."

Baba alivaa miwani. Akasogea, akarudi nyuma, akasogea tena.

"Picha nzuri sana," akasema. "Mlima wa nani huu?"

Kaka akacheka. "Wa kwetu, baba!"

"Kwetu wapi?"

"Ulikozaliwa!"

Baba aliutazama kwa muda mrefu. Nilimwona anajitahidi, anataka upendeze macho yake, kwa ajili ya mwanawe. Mwisho akatikisa kichwa.

"Hapana, mwanangu. Unafanana nao, lakini sio. Wa kwetu ukisimama mlangoni genge la mawe liko mkono huu." Akainua wa kushoto. "Mbuzi wangu walianguka pale, nikachapwa. Huu genge lake liko kulia. Labda ulikosea njia. Upande ule milima ni mingi."

Kaka alikaa chini. "Baba, nimesimama mbele yake asubuhi nzima nikiutazama."

"Inawezekana," baba akasema kwa upole. "Lakini ulikuwa unautazama mwingine."

Kaka mkubwa aliangalia viatu vyake, kisha akaniangalia mimi, nami nikajua kwamba mlango wa ghala unafungwa. Jikoni kaka alikuja akaninong'oneza, "Umeona mwenyewe? Hajui kwao." Kilichonichoma ni kwamba machoni mwake mlikuwa na machozi ya kweli, na nyuma ya machozi kulikuwa na kitu kama nafuu. Nami niliogopa. Nilimwangalia baba akinywa chai, nikawaza, labda ni kweli, labda anatuacha polepole hivi hivi.

Kaka mkubwa akapanga tukutane Jumapili iliyofuata, tumweleze baba habari ya nyumba ya wazee. Baba mwenyewe aliambiwa tunakutana kwa ajili ya maonyesho ya picha. Akaniomba nimpigie pasi shati.

Katikati ya wiki nilimnyoa ndevu. Huwa namnyolea sebuleni, kiti kimeelekea dirishani, kioo nimekiegemeza kwenye dirisha ili naye aone ninavyomfanya. Mlima ulikuwa bado ukutani nyuma yetu. Nilikuwa nimefika kidevuni aliponishika mkono.

"Ngoja."

"Nimekukata?"

"Ngoja, mama. Usinizibe." Alikuwa ameinua shingo, povu limemjaa shavu moja, anaangalia kwenye kioo. Sauti yake ilibadilika. "Huo hapo! Wameuleta lini?"

"Nini, baba?"

"Mlima. Genge lile pale. Na pale kwenye miti ndipo tulipokuwa tunateremkia mtoni."

Niliangalia kwenye kioo: genge kushoto. Nikageuka nikaangalia ukutani: genge kulia. Nikarudi kwenye kioo. Mimi ni fundi nguo. Kitambaa nakijua kina uso na mgongo, na ukikata bila kuangalia utajikuta umeshona shati lenye mikono miwili ya upande mmoja. Nilimfuta baba povu na ndevu zikiwa nusu, nikaenda chumbani kwa kaka kuitafuta ile bahasha ya mikanda.

Mkanda wa picha nao una uso na mgongo, upande mmoja unang'aa na mwingine umefifia, na pembeni mwake kuna herufi ndogo za kiwandani. Nilikwenda nao dirishani nikaugeuza mpaka herufi zikasomeka vizuri, maana zikisomeka, picha nayo imekaa upande wake. Mlima ulikuwa mdogo kama stempu, weupe wake mweusi na weusi wake mweupe, lakini genge lilikuwa kushoto, pale pale alipolisema baba.

Nikaenda kugonga bafuni.

"Karatasi iko nje!"

"Iache huko huko. Kaka, mlima umeuchapa kinyume. Mkanda uliuweka mgongo juu."

Mlango ukafunguliwa upana wa pua. "Wewe kashone pindo."

"Baba kauona kwenye kioo, akaujua hapo hapo. Yeye ndiye yuko sahihi. Huwezi kumtoa chumbani kwa kosa lako."

"Kosa langu? Nilikuwepo mimi! Genge liko kulia. Nalikumbuka kama ninavyokuona wewe hapo."

Aliapa, na nilivyomwona hakuwa anadanganya. Hilo ndilo lililonitatiza. Halafu akaongeza, akianza kufunga mlango, "Na hata kama. Picha imeshachapwa kwenye kadi za mwaliko."

Hata kama! Nilisimama pale mlangoni, harufu ya siki inaniingia puani, na nilimchukia kaka yangu. Nasema kama ilivyokuwa. Mtu aliona ni afadhali baba yake awe mwehu kuliko kadi zirudiwe.

Jumapili ikafika. Baba alikaa kwenye kiti chake na shati lenye pasi, kidevu laini, anangoja habari za maonyesho. Bwana Ukungu alikuwa amevaa skafu, joto lote lile. Kamera yake ilikuwa mezani, maana mama wa ukumbi alitaka iwekwe kwenye maonyesho, watu waishangae. Kaka mkubwa akafuta uso kwa leso, akaanza mbali, kama anayenunua ng'ombe.

"Baba, umri ni baraka. Lakini baraka nayo inahitaji matunzo..."

"Kabla ya baraka," nikasema, "kaka mkubwa, njoo hapa."

Nilikuwa nimekiweka kioo dirishani. Nikamkalisha kwenye kiti cha kunyolea akiipa picha mgongo, kama baba alivyokaa. Nikamwonyesha mlima kwenye kioo, nikamgeuza akauona ukutani, kisha nikampa mkanda, nikamwambia asome herufi. Ni mtu wa maboksi, herufi za pembeni ndizo maisha yake. Alizisoma. Akautazama mlima mdogo. Akamgeukia mdogo wake.

"Humu liko kushoto."

Bwana Ukungu aliuchukua mkanda kwa ncha za vidole, akauinua kwenye mwanga, akaugeuza, akaugeuza tena.

"Mara ya kwanza niliuchapa hivi," akasema polepole. "Nikachapa mdogo wa kujaribia. Nikaona haujakaa sawa. Nikaugeuza, ndipo ukawa wenyewe."

"Wenyewe kwa vipi?"

"Vile nilivyouona."

"Uliuona wapi?" Kaka mkubwa hakuwa anamkejeli, alikuwa anauliza kama anavyouliza mfuko wa saruji uliopotea. Akaiokota kamera mezani akaivaa shingoni. "Hii unaangaliaje? Sioni tundu la jicho."

"Unafungua kifuniko cha juu. Unaangalia chini, kwenye kioo chake."

Kaka mkubwa akafungua, akainamisha kichwa, akaielekeza kamera kwangu. Akainua kichwa, akainamisha. "Dada, inua mkono." Nikainua. Akaanza kugeuka huku na huku, tumbo mbele, anamtafuta baba ndani ya kile kioo kidogo, na kila akigeuka kumfuata, baba anakimbilia upande mwingine.

"Mbona humu kila kitu kimehama upande? Dirisha liko huku, humu liko kule!"

"Kamera za namna hii ndivyo zilivyo," kaka akasema. "Unazoea."

"Sawa. Na ulipoinua kichwa ukauangalia mlima wenyewe?"

Nilimwona kaka anatafuta ndani ya kichwa chake, anarudi kule, anasimama mbele ya mlima, anatafuta dakika moja, moja tu, ambayo shingo yake iliinuka. Alifungua mdomo.

"Kulikuwa na ukungu," akasema.

Mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Nilicheka kicheko kibaya, sikujizuia. Mtu amepanda basi, amelala njiani, amefika mbele ya mlima aliozaliwa chini yake yeye na baba yake, amekaa nao asubuhi nzima, na muda wote huo alikuwa anaangalia tumboni kwake! Kisha akarudi kutuambia baba hajui kwao. Sijui ni mabonde mangapi mengine ameyapindua miaka yote hii, na watu wameyatundika ukutani.

Baba naye alicheka, lakini kicheko chake kilikuwa cha mtu aliyetuliwa mzigo. "Kwa hiyo sikukosea."

"Hukukosea, baba," nikasema.

"Nilishaanza kuogopa. Nikilala naipita ile njia toka mlangoni, najiuliza, au ni kichwa changu ndicho kimegeuka? Nikawa naona aibu kuwauliza."

Kaka mkubwa alivua kamera, akapumua, na kwa furaha ya jambo lililokwisha akapiga makofi magotini. "Basi! Yamekwisha. Baba haendi popote."

Baba aliacha kucheka.

"Nilikuwa naenda wapi?"

Kaka mkubwa aliitafuta leso yake. Bwana Ukungu alikuwa bado ameushika mkanda.

"Nimeuliza, nilikuwa naenda wapi?"

"Nyumba ya wazee, baba," nikasema. "Ile ya ng'ambo."

"Na chumba changu?"

Macho yake yalipita kwa kaka mkubwa, yakapita kwangu, yakafika kwa kaka wa pili, yakatulia hapo. Kutoka bafuni maji yalikuwa yanachuruzika juu ya picha zinazooshwa. Baba aliyasikiliza kidogo.

"Aha," akasema. Akasimama, akanyoosha shati, akaenda zake chumbani.

Maonyesho yalifanyika kama yalivyopangwa. Mlima ulitundikwa vile vile, genge kulia, taa mbili zinauangaza. Kaka alikuwa ameshapata maelezo: sasa anasema aliugeuza makusudi, kisanaa, ili jicho liingie kwenye picha kwa taabu. Mama wa ukumbi alishika kifua akasema akiutazama anajiona amerudi nyumbani. Watu waliovaa vizuri walikubali kwa vichwa. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza, na hiki kilitembezwa kwa hotuba na vitafunio. Nilikula vitafunio nikaondoka.

Nyumbani, chumba cha baba hakikuwahi kuwa na kufuli. Mama alipokuwa mgonjwa hata mlango ulikuwa haurudishwi, kilikuwa chumba cha kila mtu, tulikuwa tunaingia kutafuta sindano, miwani, maongezi. Wiki ile baba alimwita fundi seremala akamwekea kitasa kipya. Ufunguo ni mmoja na anakaa nao kwenye mfuko wa shati. Akienda chooni anafunga. Akitoka kuota jua anafunga, hata kama mimi niko hapo barazani kwenye cherehani na hakuna mwingine nyumbani.

Nilivumilia, mwisho nikamfuata na ufagio mkononi.

"Baba, nifungulie nikufagilie."

"Nitafagia mwenyewe, mama."

"Baba, mimi ndiye niliyekutetea."

"Najua," akasema, na hakukuwa na ukali wowote. "Ulinitetea Jumapili. Lakini Jumatatu, Jumanne, Jumatano, ulikuwa unaniletea chai na unajua."

Akageuza ufunguo, akautia mfukoni, akaenda kukaa juani.